h, p, / na ~: kuandika solo ya gita ili mwenzako aipige kama ulivyoipiga

Namba za freti ndizo sehemu rahisi ya tablatura, yaani muziki wa gita ulioandikwa kwa namba juu ya mistari inayowakilisha nyuzi. Yeyote anayejua kuhesabu hadi 12 anaweza kuandika kwamba uzi wa tatu ulibonyezwa freti ya 5, kisha ya 7. Kinachopotea ni namna ile sauti ya pili ilivyotokea. Je, ilicharazwa na mkono wa kulia, au kidole cha kushoto kiligonga uzi ambao tayari ulikuwa unalia? Kwa mtu wa Kondele au Ahero, huko Kisumu, aliyekulia kwenye benga, muziki wa gita wa Waluo, hizo ni sauti mbili tofauti kabisa. Solo iliyoandikwa namba tupu, kisha ikapigwa kwa kucharaza kila noti, hutoka kavu kama zoezi la skeli, hata kama hakuna namba moja iliyokosewa.

Kwa hiyo alama hizi ndogo mimi huzisoma zote kwa swali moja: hapa mkono wa kulia umefanya kazi, au haukufanya? Ukilijibu hilo kwa kila noti, sehemu kubwa ya tablatura umeielewa.

Kwanza msingi, kwa haraka. Mistari ni sita. Wa juu kabisa ni uzi mwembamba, yaani uzi wa kwanza, na wa chini ni uzi mnene, wa sita. Wanaoanza huona mambo yamepinduliwa, kwa sababu ukishika gita uzi mnene ndio ulio karibu na kidevu. Lilaze gita mapajani uso wake ukitazama juu, na utaona uzi mwembamba ndio ulio mbali nawe, kama ulivyo mstari wa juu kwenye karatasi. Kutoka uzi wa sita hadi wa kwanza tuni ya kawaida ni E A D G B E, na wengi huandika e ndogo kwa uzi mwembamba ili E mbili zisichanganyike. Namba 0 ni uzi wazi. Namba zilizopangwa wima hulia pamoja.

Sasa h na p. Katika 5h7 unacharaza freti ya 5 mara moja, kisha kidole kingine cha kushoto kinashuka kwa kasi kwenye freti ya 7 na kutoa noti ya pili bila msaada wa mkono wa kulia. Huko ni kugonga. Katika 7p5 unacharaza freti ya 7, kisha kile kidole kinauchomoa uzi kinapoondoka, na noti ya 5 inabaki ikilia. Huko ni kuchomoa. Herufi h daima hupanda na p daima hushuka, na zote mbili hukaa ndani ya mstari mmoja. Ukikuta 7h5, aliyeandika amekosea: ama alikusudia p, ama namba zimebadilishana nafasi.

Tazama kipimo hiki kimoja, yaani fungu la mapigo manne. Safu ya juu ni hesabu ya mapigo, na alama + isome "na".

```
   1  +  2  +  3  +  4  +
e|-------------------------|
B|----------------5--8-----|
G|-5-h7-p5-----5-----------|
D|----------7--------------|
A|-------------------------|
E|-------------------------|
```

Noti ni saba, lakini mkono wa kulia unapiga mara tano tu. Noti ya kwanza inacharazwa, ya pili inagongwa, ya tatu inachomolewa, kisha zinafuata nne za kucharazwa. Kama unatumia piki (kipande cha kucharazia) kwa kushuka na kupanda, mkono usisimame wakati wa kugonga na kuchomoa. Uache uendelee kutembea hewani bila kugusa uzi. Ukifanya hivyo, ile 7 ya uzi wa nne, iliyo kwenye "na" ya pigo la pili, utaikuta mkono ukipanda, na 5 inayofuata kwenye pigo la tatu utaikuta mkono ukishuka. Ukisimamisha mkono, ni rahisi kuanza pigo la tatu kwa mwelekeo wa kinyume, na ukijaribu kwa kasi halisi ya benga vidole vitagongana.

Kugonga kukitoa sauti hafifu, mara nyingi si nguvu iliyopungua. Kidole kimetua katikati ya nafasi badala ya kutua nyuma tu ya chuma cha freti, au kimeshuka polepole. Kasi ya kushuka ndiyo inayotoa sauti, na kukandamiza baada ya kutua hakuongezi chochote. Kosa jingine ni kuinua kile kidole cha freti ya 5 mara tu cha 7 kinapogonga. Kiache palepale, kwa sababu sekunde inayofuata utakihitaji kwa kuchomoa. Kuchomoa nako huharibika mtu anapoinua kidole wima kutoka kwenye uzi, kwa sababu hapo uzi hauna kilichoutikisa. Kidole kinapaswa kuuvuta uzi kidogo kuelekea sakafuni kinapoondoka, kama mkono wa kulia ungefanya, lakini si kwa kiasi cha kuupotosha tuni. Na kumbuka kuwa p haiwezekani kama kidole cha noti ya chini hakijatangulia kukaa mahali pake. Katika 7p5 vidole vyote viwili viko kwenye uzi kabla ya kuanza.

Kwa anayeandika, kosa kubwa ni moja: kutotofautisha 5h7p5 na 5h7 5 kwa uvivu. Ya kwanza ina pigo moja la mkono wa kulia, ya pili ina mawili. Sikiliza rekodi kwa mwendo wa nusu (YouTube ina mpangilio wa kasi wa 0.5 usiobadilisha kimo cha sauti) na utafute mlio mdogo wa piki mwanzoni mwa kila noti. Ukiusikia, noti hiyo imecharazwa. Usipousikia, weka h, p au mkwaju (alama ya /).

Mkwaju ni kuteleza. 5/7 ni kucharaza freti ya 5 na kukipeleka kidole kilekile hadi ya 7 bila kukiinua, na 7\5 ni kurudi. /7 bila namba mbele yake inamaanisha uje kutoka popote chini kidogo, na 7\ bila namba nyuma yake inamaanisha uiache noti ianguke ikififia. Swali la mkono wa kulia linarudi hapa pia, kwa sababu wengine wakifika freti ya 7 huicharaza upya. Kwenye maandishi yaliyochapwa, upinde juu ya namba huonyesha kwamba noti ya pili haikucharazwa. Kwenye maandishi ya simu hatuna upinde. Mimi huandika 5/7 pale noti ya pili isipocharazwa, na ikicharazwa huweka nukta chini ya hiyo 7, kisha naeleza juu ya ukurasa nukta hiyo ina maana gani. Alama ya kubuni haina ubaya mradi umeieleza.

Kuteleza ndiko kunakofanya solo nyingi za huku kwetu ziimbe, hasa sauti mbili zinapotembea bega kwa bega. Huu ni mfano katika kimo cha C, kwenye uzi wa tatu na wa kwanza:

```
   1  +  2  +  3  +  4  +
e|-3--5-/7-----8--7--5-----|
B|-------------------------|
G|-4--5-/7-----9--7--5-----|
D|-------------------------|
A|-------------------------|
E|-------------------------|
```

Kutoka 5 na 5 kwenda 7 na 7 umbo la mkono halibadiliki, nyuzi zote mbili zinasogea freti mbili, kwa hiyo kuteleza kunakubali. Kutoka 7 na 7 kwenda 9 na 8 ni habari nyingine: uzi wa tatu unasogea freti mbili, wa kwanza moja. Hapo huwezi kuteleza nyuzi zote mbili, na ndiyo maana sikuweka mkwaju. Mara nyingi mtu aliyenakili kwa kukisia huweka mikwaju kila mahali, na ishara ya kumtambua ni hii hasa: mkwaju unaounganisha maumbo mawili tofauti.

Kwa vidole, kidole cha kati kisitoke uzi wa tatu tangu mwanzo hadi mwisho. Kwenye 4 na 3, cha kati kiko uzi wa tatu na cha shahada uzi wa kwanza. Kwenye 5 na 5 na 7 na 7, cha kati hakiondoki, na cha pete kinachukua uzi wa kwanza. Kwenye 9 na 8 cha shahada kinarudi. Uzi wa pili ulio katikati lazima unyamaze. Ama unapiga kwa gumba na kidole bila kuugusa, ama unapitisha piki juu ya nyuzi zote tatu huku tumbo la kidole cha kati likiuzima. Ukichagua njia ya pili na ule mkwaruzo ukasikika, uandike: weka x kwenye mstari wa B.

Hiyo x ni noti iliyozimwa na mkono wa kushoto. Ina mdundo lakini haina kimo. Usiichanganye na P.M. (palm mute, yaani kuzima kwa kiganja), inayoandikwa juu ya mistari ikifuatwa na vistari kuonyesha inaishia wapi. Hapo ukingo wa kiganja cha kulia unakaa karibu kabisa na daraja la gita, na noti bado inasikika, ila ni fupi na nzito. Kiganja kikisogea mbele sana kuelekea tundu, noti inakufa na umepata x badala ya P.M. Kwa wapiga ridhimu kuna mtego mwingine: ukizima nyuzi kwa kidole kimoja chepesi juu ya freti ya 5, 7 au 12, hutapata mkwaruzo, utapata mlio wa kengele. Zima kwa vidole viwili au vitatu na mlio huo utapotea.

Mlio huo wa kengele una alama yake, mabano ya pembe: <12>, <7>, <5>. Kidole kinagusa uzi bila kuukandamiza, tena juu ya chuma chenyewe cha freti wala si nyuma yake, kisha kinaondoka mara uzi unapocharazwa. Kwenye 12 uzi umegawanywa nusu, kwenye 7 theluthi, kwenye 5 robo. Hata asiyepiga solo hii inamfaa: <5> ya uzi wa sita na <7> ya uzi wa tano zinapaswa kuwa sauti ileile, na zikiwa hazilingani utasikia mawimbi yakipandana. Njia hiyo hutuni wa tano kwa wa nne na wa nne kwa wa tatu vilevile, lakini haifanyi kazi kati ya uzi wa tatu na wa pili, kwa sababu tofauti ya kimo kati ya nyuzi hizo ni ndogo kuliko kati ya nyingine.

Herufi b ni kupinda uzi, na hapa ndipo maandishi mengi huacha msomaji gizani. 7b peke yake haitoshi. Umepinda kiasi gani? Andika 7b9: bonyeza freti ya 7, sukuma uzi mpaka usikike kama freti ya 9. Kurudi ni r, kwa hiyo 7b9r7 ina pigo moja tu la mkono wa kulia na sauti tatu. Kwenye karatasi zilizochapwa utakuta mshale wenye namba badala yake: 1/2 ni kimo cha freti moja, na mshale wa kimo kizima ni freti mbili. Kujipima ni rahisi. Piga freti ya 9 kawaida, ishike sauti kichwani, kisha rudi 7 na upinde hadi uifikie. Wengi huishia njiani na kudhani wamefika. Sukuma kwa vidole viwili au vitatu vilivyopangana nyuma ya kile kinachobonyeza, na mkono uzunguke kutoka kifundoni. Kidole kimoja peke yake huchoka haraka na hutoa tuni ya kubahatisha.

Kabla ya kuandika b, fikiria gita la msomaji. Seti ya kawaida ya gita la umeme ya 0.009 au 0.010 ina uzi wa tatu usiozungushiwa waya, na unapindika vizuri. Gita kavu lenye seti ya 0.012 kwa kawaida lina uzi wa tatu uliozungushiwa, na kuupinda kimo kizima ni mapambano. Kwa mtu wa gita kavu 7/9 itamfaa kuliko 7b9, na uandike hivyo kwenye maelezo. Benga yenyewe haihitaji kupinda sana. Gita lake la solo lilijengwa kwa kuiga nyatiti, kinubi cha Waluo, na nyatiti ina nyuzi nane zinazodonolewa wazi, bila freti, kila sauti ikisimama kivyake. Sikiliza solo za Shirati Jazz ya Daniel Owino Misiani na utaona uzuri uko kwenye kudonoa kwa usahihi. Nikiona tablatura ya benga imejaa b, huwa nashuku kwamba aliyeinakili ana masikio ya bluzi.

Alama ya ~ baada ya namba ni kutetemesha: noti ile ile inapindwa na kuachiwa kidogo kidogo, mfululizo. Urefu wa mawimbi uonyeshe muda. tr ni kugonga na kuchomoa kwa kasi kati ya noti mbili. t ni kugonga kwa kidole cha mkono wa kulia juu ya shingo, jambo la roki zaidi. Mabano ya kawaida kama (7) yana maana mbili, noti inayoendelea kulia kutoka kipimo kilichopita au noti laini isiyosikika vizuri, kwa hiyo sema mapema unatumia ipi.

Tukivuka kwenda Kakamega na Vihiga, kwenye omutibo, mtindo wa gita wa Waluhya alioupiga George Mukabi, tatizo linabadilika. Gumba linashika besi bila kukoma na kidole cha shahada kinaimba juu yake. Vitabu vya gita hutumia p kwa gumba na i kwa kidole cha shahada, na p hiyo inagongana na p ya kuchomoa. Suluhisho ni mahali: p ya kuchomoa hukaa kati ya namba ndani ya mstari, p ya gumba hukaa kwenye safu yake chini ya mistari yote. Kordi ya C, gumba likipishana kati ya uzi wa tano na wa nne:

```
   1  +  2  +  3  +  4  +
e|----0--------------------|
B|----------1-----1----h3--|
G|-------------------------|
D|-------2-----------2-----|
A|-3-----------3-----------|
E|-------------------------|
   p  i  p  i  p  i  p
```

Angalia "na" ya mwisho. Safu ya vidole ni tupu, kwa kuwa ile 3 imegongwa na kidole kidogo cha kushoto. Katikati ya 1 na h3 gumba limepiga uzi wa nne, na hilo ndilo linalowashinda wengi: kidole cha kushoto kinataka kugonga pamoja na gumba, na noti inaangukia pigo la nne badala ya nusu yake. Ipige bila sauti ya juu kwanza, gumba peke yake mpaka lisitegemee mawazo yako, kisha ongeza i, na kugonga kuje mwisho. Vidole vingine vya kordi visiondoke mahali pake wakati kidole kidogo kinashuka. Kama una mtu wa kugonga chupa ya soda, kama ilivyokuwa kwenye rekodi nyingi za mtindo huo, ongeza safu moja zaidi chini yenye x pale chupa inapolia. Ni sehemu ya muziki na inastahili kuandikwa.

Safu ya mapigo juu ya mistari ndiyo watu wengi huiacha, na bila hiyo tablatura hutegemea msomaji awe tayari anaujua wimbo. Vistari peke yake havipimi muda. Ipe kila nusu ya pigo nafasi yenye upana sawa, herufi tatu kama nilivyofanya hapo juu, na ukihitaji robo za pigo ongeza hadi sita. Freti ya 10 na kuendelea hula nafasi mbili, kwa hiyo ongeza kistari kimoja kwenye mistari mingine yote mitano pale pale, la sivyo kila kinachofuata kitasogea.

Kwenye karatasi, daftari la hesabu lenye viboksi ndilo bora, kiboksi kimoja herufi moja. Kwenye simu, herufi za kawaida zina upana tofauti na mistari huvurugika. WhatsApp ina dawa: weka alama tatu za ``` mwanzoni na mwishoni mwa maandishi, na herufi zote zitakuwa na upana mmoja. Andika kipimo kimoja au viwili tu kwa mstari, kwa kuwa skrini ndogo ikikata mstari mrefu, nyuzi sita hugeuka kumi na mbili.

Juu kabisa ya ukurasa weka tuni, kapo (kibano kinachofungwa shingoni mwa gita) iko freti ipi, na mwendo. Namba zote zihesabiwe kutoka kwenye kapo, yaani kapo ikiwa freti ya 2, alama 0 ni uzi ulio kwenye kapo. Rekodi nyingi za zamani haziko katika kimo kamili cha leo, kwa hiyo usihamishe namba ili zilingane na kipima tuni cha simu. Tuni gita lako lifuate rekodi, kisha andika umbo ambalo mkono wa mpigaji ulilitumia. Nyuzi wazi zitakuambia: ukisikia 0 ikilia kwa muda mrefu chini ya noti zinazotembea, umbo hilo limeanzia kwenye nati (kizingiti cha nyuzi kwenye ncha ya shingo) au kwenye kapo, na si mahali pengine.